Kilichokuwa Ndani ya Koti la Baba

Asembo Bay
10 Septemba 1989

Mwanangu Rehma,

Natumai ulifika shuleni salama, na wale wapakiaji wa stendi hawakuvunja tena kufuli la sanduku lako. Mimi huku ni mzima. Kazi ni ile ile: mashua zinaingia asubuhi, tunapima samaki, tunakagua nyavu, tunakamata zile za macho madogo, na wenyewe wananuna mpaka kesho yake. Tangu nihamishiwe huku mwezi wa sita nimejua kununiwa ni nini.

Sasa uko kidato cha tatu. Huu si wakati wa kuchezea mwili. Kula mboga hata kama wapishi wenu wanazichemsha mpaka zinapoteza rangi. Kunywa maji yaliyochemshwa tu. Asubuhi kimbia na wenzako, usijifiche chooni ukisubiri wamalize, maana matroni ameshaniambia. Na jihadhari na wasichana wanaojifunza mambo ya ovyo huko mabwenini.

Mfano ninao wa kukupa, na si wa mbali. Miaka kumi na tisa nilivuta sigara. Mama yako alipolazwa kwa pumu, daktari akasema moshi utamuua, mlinisikia wote siku ya Idd nikisema basi. Nikaivunja paketi mbele yenu, wewe ukapiga makofi. Ikawa basi. Mtu akiamua, ameamua. Hilo ndilo nataka ujifunze kwangu.

Wako,
Baba

*

Shuleni
16 Septemba 1989

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya Idd nimeisoma mara tatu.

Siku ya wazazi ni Jumamosi tarehe saba mwezi ujao. Je, unaweza kuja peke yako? Si kwamba sitaki kumwona Mama. Kuna kitu chako ninacho, nataka kukupa mkononi, na nina swali moja ambalo siwezi kuuliza Mama akiwa amekaa hapo. Tafadhali usimwambie.

Mboga tunakula. Kukimbia tunakimbia, matroni anatufuata nyuma na kijiti.

Mtoto wako,
Rehma

*

Asembo Bay
22 Septemba 1989

Mama Rehma,

Salaam aleikum. Hii nimempa dereva wa lori la samaki, ataiacha kwa muuza duka hapo mbele ya nyumba.

Nimechanganyikiwa na mtoto wako. Ameniandikia kama mtu anayeandikia chifu. Anataka niende siku ya wazazi bila wewe. Anasema ana kitu changu. Kitu gani? Sikumpa kitu. Alisema nisikuambie, lakini miaka kumi na minane ya ndoa siwezi kuanza leo kukuficha mambo ya watoto. Wewe unadhani ni nini? Mimi nafikiri kuna kijana, amemwandikia, na Rehma anataka nimshauri bila wewe kupiga kelele. Miaka kumi na sita ni umri mbaya. Ukiongea sana hawasikii, ukinyamaza wanadhani hujui.

Kifua chako kinaendeleaje? Ile shida ya Agosti ilinitisha. Nafikiri ni moshi wa makaa. Pikia nje, hata mvua ikinyesha, weka jiko barazani.

Jumamosi hii sitakuja, tuna hesabu ya mashua.

Wako,
Obeid

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
27 Septemba 1989

Kwa Bw. Obeid Marjan,
Ofisi ya Samaki, Asembo Bay

Bwana,

Nasikitika kukuarifu kwamba katika ukaguzi wa mabweni uliofanywa jana, paketi mbili za sigara zilipatikana ndani ya sanduku la binti yako, Rehma Obeid, zikiwa zimefungwa ndani ya soksi. Moja ilikuwa imefunguliwa. Alipoulizwa ni za nani, alikataa kujibu. Aliulizwa na matroni, akaulizwa na mimi, akaulizwa na mwalimu wa dini. Hakulia, hakuomba msamaha, hakusema neno.

Kwa kuwa Rehma ni kiranja wa bweni na hatujawahi kuwa na shida naye, nimeona ni vizuri asikilizwe na kamati kabla ya uamuzi. Kwa sasa amerudishwa nyumbani Kisumu. Kamati itakaa Jumamosi tarehe 14 Oktoba saa nne asubuhi. Mzazi anatakiwa kuhudhuria. Asipotoa maelezo, sioni jinsi kamati itakavyoepuka kumfukuza kabisa.

Wako mwaminifu,
F. Shitanda (Bi.)

*

Asembo Bay
1 Oktoba 1989

Rehma,

Barua ya mwalimu wako mkuu niliisoma nikiwa nimesimama ufukweni, na wavuvi wakaniuliza kama nimefiwa.

Sigara! Wewe! Ndani ya nyumba ambamo baba yako aliacha kuvuta, ambamo mama yako akinusa moshi tu anashika mlango apate pumzi! Hivi ulikuwa unafikiria nini? Ni nani aliyekufundisha? Kwetu havuti mtu. Nakuandikia tena ili uisome vizuri: kwetu havuti mtu.

Na kunyamaza mbele ya walimu umejifunza wapi? Unadhani ni ushujaa? Mtu asiye na la kuficha hufungua mdomo.

Nilipanga kuja nyumbani lakini nina hasira, na nikija na hasira hii nitasema maneno ambayo hayatarudi. Mwambie mama yako jina la aliyekupa. Ukishasema jina, tutaongea mengine.

Baba yako

*

Kaloleni, Kisumu
2 Oktoba 1989

Baba Rehma,

Hujaja. Nimekutazamia Ijumaa, nimekutazamia Jumamosi, sufuria nikainjika nikaipua. Sasa nakuandikia kwa sababu mdomo wangu umechoka kusema na ukuta. Huyo mtoto ni ukuta.

Nilienda mwenyewe kumchukua shuleni. Bi Shitanda ni mama mwenye heshima, alinipa kiti, akaniambia yote polepole. Paketi alizifungia kabatini, sikutaka hata kuziona. Lakini alinisomea maandishi yaliyokuwa nyuma ya ile moja. Mtu ameandika kwa penseli: M 214, N 38, K 11. Mwalimu anafikiri ni namba za vyumba, au ni siri ya wavulana wa ile shule jirani. Basi nikamuuliza Rehma njia nzima kutoka Awasi mpaka Kisumu. M ni nani? Ni Musa? Ni Maurice? Akageuka akatazama dirishani. Nikamuuliza K ni nani. Unajua alifanya nini? Alicheka. Halafu akaanza kulia. Mimi nikaogopa.

Na kuna jambo jingine, Obeid, ambalo linaniuma kuliko hilo. Unakumbuka Agosti nilivyokuwa nalalamika kwamba nyumba inanuka sigara? Ukaniambia ni majirani. Nikafunga madirisha, nikakaa na joto, na bado nikanusa. Halafu ule usiku mkanipeleka hospitali, nikadhani nakufa. Sasa najua. Alikuwa ni yeye. Mtoto niliyemzaa alikuwa anavuta ndani ya nyumba yangu huku akinishika mgongo akiniambia, "Mama, pumua polepole." Nimemwambia hivyo hivyo jana. Nimemwambia, "Ulitaka kuniua." Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa akateke maji.

Sijui nimemlea vipi. Tulianza kutembea jioni sote pamoja, tukapunguza mafuta, tukaacha sukari nyingi, yote kwa ajili ya afya ya nyumba hii, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufunga viatu. Sielewi kitu. Njoo.

Saumu

*

Asembo Bay
5 Oktoba 1989

Rehma,

Barua hii isome peke yako.

Ile ya kwanza niliandika haraka. Kuna maneno mle ndani ningependa uyaweke kando kwanza. Si kwamba nayafuta. Uyaweke kando tu.

Nimepata barua ya mama yako. Ameniandikia yale maandishi ya penseli. M 214, N 38, K 11.

Nataka kukuuliza, na nauliza kwa upole: hizo paketi ulizitoa wapi? Huna haja ya kumwambia mama yako kwa sasa. Niambie mimi.

Pengine kuna maelezo ambayo tunaweza kuwapa kamati bila kumwumiza mtu yeyote. Kwa mfano, unaweza kusema uliziokota stendi. Sisemi useme hivyo. Nafikiria tu.

Huli vizuri, nimeambiwa. Kula.

Baba

*

Kaloleni, Kisumu
8 Oktoba 1989

Baba,

Shikamoo.

M ni mbuta. N ni ngege. K ni kamongo. Ni samaki, kilo za siku moja. Uliandika nyuma ya paketi kwa sababu ulikuwa hujabeba daftari, kama unavyoandikaga nyuma ya bahasha na nyuma ya kalenda na mara moja nyuma ya ripoti yangu ya shule. Unajua hivyo. Ulijua uliposoma barua ya Mama. Kwa nini unaniuliza?

Lakini umeuliza, nitajibu.

Wiki ya kwanza ya Agosti ulikuja na lile koti la mvua la kazini. Mama akaniambia nilipige brashi. Kwenye bitana kuna mfuko ambao ulishonwa kwa uzi mweupe, na koti ni la kijani. Nikaingiza mkono. Niliposhika paketi nilidhani ni ya zamani, ya kabla ya Idd, umeisahau. Nikaitupa chooni, nikafurahi kwamba nimekuondolea. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na nyingine. Hiyo ndiyo yenye maandishi. Sikuitupa. Wiki iliyofuata tena nyingine, mpya, haijafunguliwa.

Nilikuona ukizitafuta, Baba. Ulipapasa koti, ukapapasa suruali, ukatoka nje ukasimama karibu na karo la kufulia, ukarudi ukapapasa koti tena. Mama akakuuliza, "Umepoteza nini?" Ukasema, "Kalamu." Nikaenda nikakuletea kalamu. Ulinishukuru.

Sikujua nifanye nini. Nikimwambia Mama, atakufa kwa uchungu kabla ya pumu. Nikikuambia wewe, nitakuwa mtoto anayepekua mifuko ya baba yake. Nikinyamaza, moshi unaingia kifuani kwa Mama. Ndiyo maana nikaamua siku ya wazazi nitakupa mkononi, tukiwa wawili tu, halafu nikuulize. Swali lenyewe lilikuwa hili: ulipovunja ile paketi siku ya Idd, ulikuwa unatudanganya siku hiyo hiyo, au ulianza kutudanganya baadaye? Kwangu mimi kuna tofauti.

Bi Shitanda aliponiuliza ni za nani, ningesema nini? Nikisema ni zangu, ni uongo. Nikisema ni za baba yangu, shule nzima itajua, na Mama. Kunyamaza ndiyo njia niliyoona.

Mama anaamini nilitaka kumuua. Ananipa chakula anaweka mezani anaondoka. Hilo siwezi kulibeba muda mrefu, nakuambia ukweli. Lakini sitasema niliziokota stendi. Ukitaka hilo lisemwe, njoo uliseme wewe.

Rehma

*

Asembo Bay
11 Oktoba 1989

Saumu,

Kaa chini kwanza. Kama kifua kinabana leo, weka barua hii usome kesho.

Zile sigara ni zangu.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne na kuzichana. Sasa imebaki.

Siku ya Idd nilimaanisha. Nataka ulijue hilo, ingawa halinisaidii. Nilikaa wiki saba. Halafu wakanihamishia huku, chumba kimoja, godoro, na watu wanaonichukia kwa sababu nachoma nyavu zao. Siku ya kwanza Gordon wa ofisini alinipa moja, nikasema moja haina neno. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilipokuja nyumbani nilivuta nyuma ya choo, nikatafuna majani ya mpera, nikajiona mjanja. Nilikuambia ni majirani. Nikakuambia ni makaa. Ulipolazwa Agosti nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiapa, na nilipotoka kwenda kununua chai nikavuta mbili.

Rehma alizitoa kwenye koti langu. Hakuwa akivuta, wala hakutaka kukuumiza. Alizichukua ili nisivute karibu nawe. Yeye alijua, nami sikujua kwamba anajua, na nikamwandikia barua ya matusi kuhusu sigara zangu mwenyewe. Unielewe vizuri: nilimwandikia "kwetu havuti mtu" huku kuna kipande kinawaka pembeni ya kidau cha wino.

Halafu nilipojua, nikataka aseme aliziokota stendi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lile la kwanza ni udhaifu. Hili la pili sijui nilipe jina gani.

Ijumaa nalala Mamboleo, kwa rafiki yetu Laban. Sitakuja nyumbani kabla hujanikubalia. Jumamosi nitakuwa shuleni saa tatu na nusu. Ukija, njoo. Usipokuja, sitakulaumu.

Mwambie mtoto, au mwachie asome hii.

Obeid

*

Kaloleni, Kisumu
18 Oktoba 1989

Baba Rehma,

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi sikuweza kuongea nawe, na ulidhani ni hasira. Ilikuwa ni hasira. Lakini haikuwa hiyo peke yake.

Ulipoingia pale ukumbini na shati la Idd, nikasema moyoni, huyu amevaa ili asamehewe. Nikatazama viatu vyangu. Bi Shitanda akasoma mashtaka. Yule mzee wa kamati mwenye bakora akasema, "Mtoto huyu ana kiburi, hasemi." Wewe ukasimama, ukasema, "Hana kiburi. Anaficha kosa langu." Nilisikia mtu nyuma yangu akicheka kwa pua. Ukaendelea. Ulisema yote, hata la choo, hata la majani ya mpera. Nikatamani unyamaze. Nilikuwa naona haya kwa niaba yako na nilikuwa naona haya kwamba naona haya.

Mwalimu mkuu akakuuliza, "Kwa hiyo mtoto aliiba ili akulinde wewe?"

Ukasema, "Hapana, Mwalimu. Alikuwa anamlinda mama yake. Aliyekuwa anajilinda ni mimi."

Hapo ndipo nilimtazama Rehma. Alikuwa anakutazama wewe kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

Wamemrudisha shuleni, ulisikia. Wamemvua ukiranja, na wiki mbili anafyeka nyasi, kwa sababu sheria ni sheria na paketi zilikuwa sandukuni mwake. Nilimwomba msamaha barabarani tukisubiri gari. Nilimwambia, "Nilikuambia neno ambalo mama hasemi." Akasema, "Uliambiwa uongo, Mama, ukahesabu vibaya." Mtoto wa miaka kumi na sita.

Kuhusu wewe sijui. Nikikaa nakuhurumia, nikisimama nakukasirikia. Dada yangu Mariamu anasema niende kwake wiki mbili tatu. Sijaenda. Ukitaka kuja Jumamosi, masharti ni haya: koti linabaki barazani, unaoga kabla hujaingia chumbani, na usinipe ahadi yoyote. Ukiahidi kitu natoka nje.

Saumu

*

Shuleni
22 Oktoba 1989

Baba,

Shikamoo.

Nafyeka nyasi karibu na tangi la maji. Mikono imetoka malengelenge, lakini kuna upepo. Wasichana wananiuliza kama ni kweli baba yangu alikuja akajisema mbele ya kamati. Wengine wanasema ni ajabu, baba zao hawangeweza. Wengine wanacheka. Rosa wa kitanda cha juu anasema ningesema niliziokota stendi ningebaki kiranja.

Nilidhani ukisema ukweli nitakuheshimu papo hapo. Nilikuwa nimejiandaa. Haikuwa hivyo. Uliposimama nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu kwenye gari nikakasirika upya, nikakumbuka ile kalamu. Halafu juzi nikiwa nafyeka nikakuhurumia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu mtoto hatakiwi kumhurumia baba yake. Sijui sasa niko wapi. Nakuambia tu usije ukadhani yameisha.

Naomba kitu kimoja. Usiniandikie tena kuhusu mboga na kukimbia. Ukiniandikia, niandikie wewe ukoje. Hata kama ni vibaya.

Rehma

*

Asembo Bay
30 Oktoba 1989

Rehma,

Umesema nikuandikie nilivyo. Haya.

Jumatatu nilivuta tatu. Jumanne nne, kwa sababu mvuvi mmoja alinitukania mama mbele ya watu. Jumatano moja. Alhamisi sikuvuta, nikajiona mfalme, Ijumaa asubuhi nikavuta mbili mfululizo kabla ya chai. Gordon nilimwomba asinipe hata nikimpigia magoti. Ijumaa nilimwomba, akakataa, nikamwambia maneno mabaya, nikaenda kununua. Jana nilimwomba msamaha. Ananiona kama mgonjwa. Pengine ndivyo.

Jumamosi nilienda nyumbani. Koti nililiacha barazani, nikaoga. Mama yako alinikabidhi viatu, tukatembea kutoka Kaloleni kuelekea ziwani, kama tulivyokuwa tunatembea sote. Kwenye kile kilima kidogo alisimama apumue, nami nikasimama, si kwa adabu, ni kwamba pumzi ilikuwa imeniishia vilevile. Tukatazamana, kila mmoja anahema. Akasema, "Tumekuwa wazee wawili." Nikataka kumwambia nitaacha, nitaacha kabisa, nikakumbuka sharti nikafunga mdomo. Tukaendelea.

Uliuliza kama siku ya Idd nilikuwa nadanganya. Hapana. Siku ile nilikuwa nasema kweli. Uongo ulianza wiki saba baadaye, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, kwa sababu nyote mlikuwa mmeshapiga makofi. Nilishindwa kurudi kuwaambia watu waliopiga makofi kwamba nimeanguka. Sikutafutii sababu. Umeuliza, najibu.

Sijui baba anapaswa kuwa vipi mbele ya binti wa umri wako. Nilidhani ni kuwa mfano. Kila nikikaa kuandika naanza na "kula mboga" nakata. Utaona nimekata mara mbili hapo juu.

Wiki ijayo nitakuandikia tena, iwe nzuri au mbaya.

Baba

*

Shuleni
9 Novemba 1989

Baba,

Shikamoo. Barua zako mbili nimepata. Ile ya pili, ya siku tano bila hata moja halafu sita kwa siku moja, nilisoma nikiwa jikoni tunasafisha mchele. Sikukasirika. Nilishangaa kwamba sikukasirika. Ungeniandikia wiki nzima bila hata moja, nafikiri nisingeamini, na nisingeandika haya ninayoandika sasa.

Mwalimu mkuu aliniuliza ni za nani. Mama aliniuliza nani alinipa. Wewe uliniuliza nilizitoa wapi. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nilivuta.

Nilivuta. Moja, kutoka ile paketi yenye maandishi. Ilikuwa Agosti, Mama ameenda matangani kwa jirani yetu Mama Selpha. Nilienda nyuma ya kamba ya nguo na kiberiti cha jikoni. Sikuwa nataka kuwa mvutaji, na sikuwa na kijana. Nilitaka kujua kuna nini mle ndani chenye nguvu kuliko sisi wote. Nilikohoa mpaka nikatapika kwenye karo. Hakukuwa na kitu. Ndiyo maana nilikuwa na hasira kubwa namna ile, kwamba hakukuwa na kitu.

Shuka zilikuwa kwenye kamba. Sikufikiria. Jioni nilizianua nikamtandikia Mama kitanda chake, na usiku ule ndio tulimpeleka hospitali.

Wewe nawe ulikuwa umevuta nyuma ya choo siku hiyo, nilikuona. Kwa hiyo sijui. Nimejaribu kupiga hesabu mara nyingi, kama ni moshi wako au ni wangu, na haitoki. Mama aliponiambia nilitaka kumuua niliitikia kwa kichwa, kumbuka. Mlidhani wote nabeba kosa lako tu.

Tunafunga tarehe ishirini na nne. Nitamwambia Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo nikifika. Usimwambie kabla. Na usinitetee wala usiniongelee.

Lakini nataka uwe umekaa hapo karibu nami.

Mtoto wako,
Rehma